Dawa Iliyoishia Dirishani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kifaranga alipiga mswaki, akachana nywele, kisha akasimama dirishani na kipampu chake cha dawa ya pumu. Alitakiwa kuvuta mara mbili asubuhi na mara mbili jioni, awe anaumwa au haumwi. Yeye alikielekeza nje, akabonyeza mara mbili, na dawa ikawaendea shomoro.

Dawa ya kila siku aliiona ni ya watoto wadogo, na yeye alikuwa ametimiza miaka kumi na minne. Kwa nini abonyeze basi? Kwa sababu nyuma ya kipampu kulikuwa na tarakimu za mivuto iliyobaki. Mama yake, mshonaji nguo aliyezoea kupima kila kitu hadi nusu sentimita, alizisoma kila jioni. Zikipungua nne, alilala kwa amani. Hesabu ilikuwa sawa, ila kifua cha Kifaranga hakikujua hesabu.

Siku ya kliniki ilipofika, walikaa kwenye benchi la watoto, magoti ya Kifaranga yakikaribia kidevu. Twiga wa kupimia urefu aliyechorwa ukutani, Kifaranga alikuwa ameshampita. Mtoto mmoja wa miaka mitatu hivi alimtazama sana, kisha akamuuliza, "Wewe ni mama wa nani?"

Mama alicheka hadi akafuta machozi. Kifaranga hakucheka. Aliapa moyoni kwamba leo ndiyo mwisho wake kutibiwa na daktari wa watoto.

Daktari huyo, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba shingoni, alikuwa akimtibu Kifaranga tangu ana miezi minane. Hata jina la utani la Kifaranga yeye ndiye aliyempa. Baada ya salamu aliuliza habari za kikohozi. Mama akajibu kwamba wiki tatu sasa kinamwamsha alfajiri, na juzi ngazi za shule zilimshinda. Daktari akauliza kuhusu dawa. Mama akatoa kipampu mkobani na kuonyesha tarakimu.

"Hakosi hata siku moja, daktari. Nahesabu mwenyewe."

Daktari alikunja uso. Alisema kama dawa inatumika vizuri na kikohozi bado kipo, basi itabidi waongeze dawa kali zaidi. Akavuta karatasi.

"Daktari," Kifaranga alisema, "mimi nimekua. Naomba kuhamia kwa daktari wa watu wazima."

Daktari aliweka kalamu chini. Hakumkejeli. Alisema wapo wanaohama mapema, na wapo anaokaa nao hadi miaka kumi na minane, kwani yeye haangalii urefu wa miguu. Kisha akamuuliza dawa yake inaitwaje. Kifaranga alimtazama mama yake. Daktari akamuuliza tena inafanya kazi gani mwilini. Mama akafungua mdomo.

Daktari akamwomba mama, kwa upole, awasubiri nje kidogo. Mama alitoka akigeuka nyuma mara mbili, utadhani anamwacha mtoto siku ya kwanza ya chekechea.

"Sasa niambie wewe," daktari alisema. "Dawa unaitumiaje?"

Kifaranga aliutazama mlango. Akidanganya, ataandikiwa dawa kali bila sababu. Akisema kweli, mama ataumia. Aliona aibu, akaogopa pia, na machozi yakaanza kumtoka.

"Naibonyezea dirishani. Tangu likizo."

Daktari alivua miwani.

"Basi dirisha lenu lina kifua kizuri sana," alisema, na Kifaranga akacheka huku analia.

Daktari alimweleza kwamba dawa ile hupunguza uvimbe katika njia za hewa, polepole, na ndiyo maana huvutwa hata siku ambazo mtu ni mzima. Akamkumbusha kwamba mficha maradhi, kilio humuumbua. Dawa kali hakuiandika. Ila habari ile, alisema, mama ataambiwa na binti yake mwenyewe.

Mama aliposikia, alikishika kipampu akakitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe nilikuwa nahesabu upepo," alisema taratibu.

Kifaranga alimwomba radhi kwa dhati. Mama alimsamehe.

Tangu siku hiyo Kifaranga alivuta dawa yake mwenyewe, mama akaacha kusoma tarakimu. Mwanzoni ilimwia mama vigumu. Jioni nyingine alisimama mlangoni kwa binti yake, kisha akarudi kwenye cherehani bila kuuliza.

Baada ya miezi mitatu walirudi kliniki. Kikohozi cha alfajiri kilikuwa kimeisha. Kifaranga alitaja jina la dawa na kazi yake, akaongeza bila kuulizwa kwamba alisahau siku mbili wakati wa mitihani. Daktari akaanza kumwandikia barua ya kwenda kwa daktari wa watu wazima.

"Mtu hahami kwangu kwa sababu benchi limekuwa dogo," alisema. "Anahama anapoweza kusema ukweli kuhusu mwili wake, hata mama akiwa nje. Hizo siku mbili ulizosahau ndizo zilizonifanya niandike."

Halafu akauliza kama kuna swali. Mama alifungua mdomo, akaufunga, akaisogeza kadi ya kliniki mbele ya binti yake.

"Muulize mwenye kifua," alisema.