Winarsih na Sinki la Marumaru

Huko Tulungagung, mji wa wachonga marumaru kisiwani Java, kufika saa moja asubuhi misumeno ya kukatia mawe huwa imeshaanza kulia. Wenyeji hawaisikii tena. Wanafua, wanapika, wanafukuza kuku, na misumeno inalia. Siku ikinyamaza ndipo watu huulizana kuna nini.

Jumanne ile Winarsih alikuwa na haraka. Baba mkwe wake, Mzee Karyadi, alikuwa anarudi kutoka Makka siku ya Alhamisi. Darmaji, mume wa Winarsih, alikuwa ameshakwenda Surabaya kumpokea. Na haji akirudi, nyumba si yako tena. Kijiji kizima huja kumwamkia, kuombewa dua na kunywa maji ya Zamzam kwa vikombe vidogo. Watu wote hao wataingia bafuni kunawa.

Basi Winarsih akaanza na bafu.

Bafu lile lilikuwa la kawaida, ila kwa kitu kimoja. Palikuwa na meza ya marumaru nyeupe, na sinki limechongwa humohumo, jiwe moja bila kiungo. Mzee Karyadi aliichonga kwa mkono wake. Alimchongea marehemu mkewe, alipoumwa magoti asiweze tena kuinama kwenye birika la kuogea. Mpaka leo mzee alikuwa akiifuta meza ile mwenyewe, asubuhi na jioni. Hakuna aliyemwuliza anaifuta kwa nini. Naye hakusema. Mzee Karyadi hakuwa mtu wa kusema.

Hapo ndipo ilipokaa hofu ya Winarsih. Wakwe wengine hupiga kelele, mambo yakaisha. Mzee Karyadi akikasirika hunyamaza. Anakula, anasali, anapita karibu nawe kana kwamba wewe ni nguzo. Ndugu yake wa tumbo moja aliwahi kuuza patasi yake bila kumwambia. Mzee hakumsemesha miaka miwili. Winarsih alikuwa na miaka sita katika nyumba ile, na kila siku alimwomba Mungu asinyamaziwe yeye.

Kwao Winarsih, huko Trenggalek, sinki lilikuwa la kauri. Mama yake alilisugua kwa mabirimbi, matunda yale machachu, na chumvi, likang'aa. Na nyuma ya jiko la Mzee Karyadi palikuwa na mti wa mbirimbi, umezaa mpaka matunda yanaoza chini. Winarsih akachuma bakuli zima. Alianza na bomba la shaba. Uchafu wa kijani ukatoka, bomba likawa kama jipya. Akafurahi. Chini ya bomba, juu ya jiwe, palikuwa na ukoko mweupe wa chumvi ya maji. Akaponda mabirimbi, akayatandaza juu ya meza nzima, akaenda kupika.

Alirudi baada ya saa moja. Akamwaga maji, akafuta, akatazama. Akafuta tena.

Mng'ao ulikuwa umekwenda. Kila mahali birimbi lilipolala palikuwa na baka jeupe. Alipopitisha kidole, jiwe lilikwaruza kama ulimi wa paka.

"Mama, sinki linaumwa?" aliuliza Mala, binti yake wa miaka mitano, akiwa mlangoni.

"Haliumwi. Nenda ukacheze. Na usimwambie mtu."

Akafunika meza kwa taulo. Usiku ule hakulala sawasawa. Alfajiri aliinua taulo, akidhani labda mabaka yamepungua. Ndugu msomaji, jiwe si jipu, halipoi kwa kulala.

Jumatano asubuhi akaenda dukani.

"Nipe dawa ya kutoa madoa."

"Madoa ya wapi, mama?" aliuliza mwenye duka.

"Madoa tu."

"Basi chukua maji makali. Hii asidi haishindwi na kitu."

Laiti angesema ni madoa ya marumaru! Lakini aliona aibu. Mwenye duka ana mdomo, na Ngatini, jirani wa Winarsih, ana masikio. Kwa hiyo, aliporudi, Winarsih akafunga dirisha la bafu, akarudishia mlango, akamimina.

Jiwe likachemka. Povu likapanda, likachuruzika, likalia chiii. Winarsih alirudi nyuma. Mungu wangu, linaliwa lote! Atafanya nini? Ataizimaje? Pembeni palikuwa na chupa ya klorini ya kusafishia choo. Klorini ni ya kusafisha, akawaza, itaiosha asidi. Akaimwaga juu yake, nusu chupa.

Harufu ilimpiga kama kofi. Macho yakawaka. Alivuta pumzi, pumzi ikakwama kooni. Akakohoa, na kila alipokohoa alizidi kuvuta ule moshi. Akapapasa ukuta akitafuta mlango. Hapo akasikia mlango unafunguliwa, na kikohozi kingine, kidogo, chini karibu na magoti yake.

"Mama!"

Hofu ya mkwe ilimtoka yote. Ikaja hofu nyingine asiyoijua. Alimshika Mala nguo, akamvuta, wakaanguka wote wawili kizingitini. Alitaka kupiga kelele, sauti haikutoka.

Mikono miwili ikawakokota mpaka uani. Ilikuwa mikono ya Ngatini.

Ngatini alikuwa mwanamke wa makamo, mng'arishaji wa mawe katika karakana ng'ambo ya barabara. Alikuwa amerudi kunywa chai nyumbani kwake, jirani na hapo, akasikia kikohozi.

"Kaeni hapa kwenye upepo. Msirudi ndani," alisema. "Umechanganya nini?"

"Maji makali… na klorini."

Ngatini akafumba macho kidogo. "Nawe umefunga na dirisha?"

"Nimefunga."

Aliwaosha nyuso na mikono kwa maji mengi, akawavua nguo zilizorukiwa na dawa, akawafunga khanga. Kisha akambeba Mala na kuwapeleka zahanati kwa pikipiki ya karakana.

Muuguzi alimsikiliza Mala kifua, mbele na nyuma. Akawaweka saa mbili kuwaangalia. Saa mbili hizo Winarsih alihesabu kila pumzi ya mwanawe. Mtoto akikohoa, yeye roho inamruka. Mwisho muuguzi akasema, "Mna bahati. Mlitoka mapema. Mngekaa humo zaidi, tungekuwa tunasema mengine. Kikohozi kikizidi, au pumzi ikibana, rudini hapohapo, hata iwe saa ngapi."

Waliporudi, Ngatini alifungua dirisha la bafu kwa nje na kungoja mpaka harufu iishe kabisa. Ndipo akaingia, akamwaga maji mengi, akainama kutazama jiwe.

"Haya. Niambie tangu mwanzo."

Winarsih akamweleza yote, machozi yanamtoka.

"Mabirimbi?" alisema Ngatini. "Ulitaka kulisugua au kulipika mchuzi?"

"Kwetu tunasugulia sinki."

"La kauri. Kauri imepakwa kioo, inavumilia. Siki, ndimu, birimbi, ukiweka dakika chache ukasuuza, ukoko unatoka na sinki halidhuriki. Usilisugue kwa chuma tu, litachubuka. Lakini marumaru ni ndugu yake chokaa. Chokaa na uchachu hawakai chumba kimoja. Hata sakafu ya teraso ni hivyohivyo, ina vipande vya marumaru ndani."

"Na granaiti ya kule jikoni?"

"Ile ngumu zaidi, lakini nayo usiizoeshe asidi. Na lile sinki la chuma kisichoshika kutu, klorini usiiache ilale humo, italitoboa madoa."

"Kumbe marumaru inaoshwa kwa kitu gani?"

"Sabuni laini ya vyombo, matone mawili kwenye maji ya uvuguvugu. Kitambaa laini. Suuza, kisha kausha. Kukausha ndiko watu wanakosahau. Ule ukoko ni maji yaliyoachwa yakauke yenyewe. Ukikausha kila siku hutauona. Ukishaganda, uukwangue taratibu kwa kipande cha plastiki. Ni kazi ya subira, si ya nguvu."

Winarsih akajifuta macho. "Dada Ngatini, kwa nini sikukuuliza jana? Unakaa hatua kumi kutoka hapa."

"Mficha uchi hazai, mdogo wangu. Jana yalikuwa mabaka ya juu tu. Ningeyatoa kwa msasa jioni moja. Leo umelichimba jiwe. Na jiwe si kitu." Alimwelekezea Mala kidole. "Klorini haichanganywi. Si na asidi, si na dawa ya choo, si na siki, si na hayo mabirimbi yako. Dawa moja kwa wakati mmoja, na dirisha wazi. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sema."

"Dawa moja, dirisha wazi."

Wakaanza kazi. Ngatini alileta msasa wa maji, wa kukwaruza kwanza, halafu laini, halafu laini zaidi. Walisugua jiwe likiwa limelowa, ili vumbi lisiruke. "Vumbi la mawe nalo linaua vifua," alisema Ngatini. Walisugua mpaka jioni, na Alhamisi asubuhi wakamaliza kwa unga wa kung'arishia. Mng'ao ukarudi. Lakini chini ya bomba, asidi ilipomwagika kwanza, palibaki bonde dogo, upana wa kiganja. Msasa haukulifikia.

"Hilo litakaa," alisema Ngatini. "Jiwe likikauka vizuri, wiki ijayo nitalipaka dawa ya kuzuia maji yasinywee ndani. Bonde hilo mweleze mwenyewe mzee."

"Nitakufa, dada."

"Ungekufa jana."

Mzee Karyadi alifika adhuhuri, kofia nyeupe kichwani, amekonda. Watu walijaa. Kabla ya kukaa alikwenda bafuni kunawa. Winarsih alisimama na sinia la tende, akisikiliza maji yakitoka bombani. Maji yakakatika. Kimya. Kimya kikawa kirefu. Mzee akatoka, akapita mbele yake bila kumtazama, akaketi kwa wageni.

Kimya chake kimeshaanza, akawaza Winarsih.

Alasiri wageni walipopungua, alikwenda kupiga magoti mbele ya mkwe wake. Darmaji alikuwa karibu, hajui hili wala lile.

"Baba, nimeharibu jiwe la Mama. Nilitumia mabirimbi. Nikaficha. Nikatia asidi na klorini, na moshi wake nusura utuue, mimi na Mala. Dada Ngatini ndiye aliyetutoa."

Alisema yote, hakubakisha. Mzee hakujibu. Darmaji alifungua mdomo, mzee akainua mkono kumzuia. Winarsih alitazama mkeka. Alikuwa tayari kwa miaka miwili.

"Mala yuko wapi?" aliuliza mzee.

Mtoto akaletwa. Mzee Karyadi alimgeuza taratibu, akaweka sikio mgongoni pake.

"Vuta pumzi."

Mala akavuta.

"Tena."

Akavuta tena. Mzee alisikiliza muda mrefu, macho yamefumbwa. Kisha akamtazama Winarsih. "Na wewe kifua?"

"Kinauma kidogo, Baba. Kinapungua."

Mzee akaguna. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya chini, wakamsogelea wamsikie.

"Miaka ishirini na tisa nalifuta jiwe lile. Sikumwambia mtu hata mmoja namna ya kulifuta. Na wewe umeogopa kuniuliza. Umeogopa hata kumwuliza jirani. Nimetoka Makka kuomba dua, kumbe kidogo nije kuzika." "Nisamehe, mwanangu."

Winarsih alilia kwa sauti, mbele ya mume wake na wageni waliobaki, wala hakujali.

Jioni ileile mzee alimwita bafuni, akamwonyesha: sabuni matone mawili, kitambaa, suuza, kausha, anza pembeni ya bomba. Ile asidi iliyobaki ilirudishwa dukani, na Winarsih akamweleza mwenye duka, mbele ya wateja, ilivyotaka kumwua. Klorini ikapandishwa rafu ya juu, peke yake. Wiki iliyofuata Ngatini alipaka dawa yake, na sasa matone ya maji yakidondoka juu ya jiwe husimama, hayanywei.

Bonde bado lipo chini ya bomba. Mgeni akiuliza limetokana na nini, Mzee Karyadi humjibu yeye mwenyewe. Humweleza mambo ya birimbi, ya asidi, ya klorini na ya dirisha, wala hamwachii aende mpaka amemaliza. Kisha humwita Mala, humwambia avute pumzi, ili mgeni asikie.