Fimbo ya Shaba ya Maneromango

Mwishehe, aliyekuwa rafiki wa marehemu baba yangu, alikuwa fundi simu. Mwaka 1974 alitumwa Maneromango kusimamisha kabati la simu kando ya barabara. Siku ya tatu kabati lilikuwa limekaa juu ya saruji. Kazi iliyobaki ilikuwa kupigilia fimbo ya shaba ardhini, ili radi ikipiga iishie chini. Mgongo ulimuuma, na lori la kumrudisha kwao Mlandizi lilikuwa linaondoka alasiri ile. Mkewe alikuwa karibu kujifungua.

"Hapa hatutoboi ardhi bila kubisha hodi," alisema Mwanahalima, mwenye nyumba ya jirani.

"Nyundo hii ndiyo hodi yenyewe, mama," alicheka Mashaka, fundi mwenzake.

Fimbo ilizama hadi ikabaki shubiri moja. Wingu likatanda, kukawa giza kama magharibi. Mwishehe akapiga: ngo. Chini kukaitika: ngo. Akapiga mbili, zikaitika mbili. Alipoitua nyundo apumzishe mikono, ngo za chini ziliendelea, polepole, na fimbo ikapanda kiganja kizima.

"Kaka, acha, twende zetu," Mashaka alinong'ona.

Dereva akapiga honi. Lakini kabati lisilo na fimbo lisingepokewa, na Mwishehe angebakizwa wiki nzima. Mwishehe akaing'oa ili aipigilie upande wa pili. Ilitoka bila taabu, ikiwa na joto. Ncha waliyoichonga kali asubuhi ilikuwa imebapa na kung'aa, kingo zimekunjika kwa nje, kama kitako cha patasi kilichogongwa nyundo siku nzima.