Sensa Haina Kosa

Giza lilikuwa linaanza kuingia nilipofika kwa dada yangu, mkoba wa vifaa begani. Mchana kutwa alikuwa akinipigia simu kwa ajili ya maikrowevu. Mimi ni fundi wa vyombo vya umeme, nimezoea watu wanaolilia friji kana kwamba wamefiwa, lakini dada yangu si wa hivyo. Huyu, umeme ukikatika, hupikia mkaa huku anaimba.

Mlango ulifunguliwa na shemeji.

Nilifurahi kumwona. Alikwenda mbali kutafuta kazi akapotea mwaka mzima bila habari, mpaka tukaanza kumtaja kwa sauti ya chini. Halafu, mwezi uliopita, akarudi. Alikuwa amevaa sweta, na juu ya sweta koti.

"Shemeji, mzima?"

"Nipo," alisema.

Nikamtania kwamba wenzake hurudi na zawadi, yeye karudi na makoti. Hakucheka. Nilipopita karibu yake nikasikia harufu ya udongo mbichi, kama wa shimo lililochimbwa leo.

Jikoni nilimkuta dada ameinamia beseni la taulo zilizolowa maji. Alikuwa amekonda.

"Inajizima yenyewe," alininong'oneza. "Inaandika kosa la sensa ya joto. Itengeneze sasa hivi, mdogo wangu. Kabla shemeji yako hajaingia kulala."

"Na hizi taulo?"

"Ndizo ninazopasha."

"Watu hupasha chakula, wewe unapasha nguo?"

Naye hakucheka. Nikaanza kuudhika, maana nyumba hii tulikuwa tunakuja kucheka.

Nikachomoa waya ukutani, nikautoa ule umeme unaobaki ndani, nikafungua. Sensa yenyewe ni kidude kidogo cha kupimia joto, hakizidi punje ya mahindi. Kuipima ni rahisi. Unaiunganisha na mita ya kupimia, unaibana kwa vidole. Ikipata joto lako, namba inashuka. Ikipoa, inapanda. Nikaibana, namba ikashuka vizuri.

"Sensa haina kosa," nikasema.

Namba ikaanza kupanda.

Vidole vyangu vilikuwa bado vimeibana. Ikapanda... ikapanda... kama vile nimeitia kwenye friza. Ile harufu ya udongo ikanifikia shingoni.

Nikageuka.

Shemeji alikuwa amesimama nyuma yangu. Sikuwa nimesikia hata hatua moja.

"Bado?" aliuliza.

"Bado kidogo, mume wangu," dada akamjibu. "Kapumzike, nitakuletea."

Akaondoka taratibu. Kila alivyozidi kwenda, namba ilizidi kushuka. Mita yangu ikanitoka mkononi. Niliogopa, wala sioni haya kusema.

"Dada, huyu mtu ana nini?"

Aliangalia mlango kwanza.

"Nilikwenda kwa mganga nikamwomba anirudishie mume wangu. Akaniuliza, unataka arudi, au unataka arudi mzima? Nikaona ananipotezea muda." Akakamua taulo moja. "Nikamwambia, arudi tu."

"Na taulo?" nikauliza.

"Usiku anataka joto," aliendelea. "Nikimfunika taulo za moto, analala. Zikikosekana, analitafuta kwangu."

Akaninyooshea mkono niushike. Ulikuwa baridi mpaka kwenye kiwiko.

Basi nikafanya jambo ambalo sijawahi kumfanyia mteja. Nikaitoa ile sensa, mahali pake nikaunganisha rezista, kidude kisichojali joto wala baridi, ili ile oveni ya maikrowevu iamini joto liko sawa wakati wote. Ni hatari, chombo kinaweza kuungua. Lakini bora kiungue. Tukaingiza taulo, nikabonyeza.

Ikanguruma. Taa ikawaka. Haikujizima. Dada alinishika bega, midomo yake ikisoma dua, na muda ulipoisha kengele ikalia. Akafungua mlango wa oveni haraka.

Hakukuwa na mvuke.

Taulo zilikuwa zimekakamaa kwa barafu.

Kutoka chumbani sauti ikaja, ya upole kabisa.

"Mke wangu... ziache hizo. Njoo."

Dada akaufunga mlango wa oveni polepole.

"Fundi bado yupo?"

Dada akanitazama. Nilimwona akifikiri, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote.

"Ameshaondoka," akajibu, huku ananisukuma kwenye mlango wa nyuma.

Nikamvuta tutoke wote. Akajinasua. "Nenda," alininong'oneza. "Niliomba mwenyewe arudi."

Nilikimbia bila mkoba. Kesho yake mchana nilirudi na kaka yetu mkubwa, tukabisha mpaka majirani wakatoka. Hakutufungulia. Alitokea dirishani akatuambia twende zetu, na midomo yake ilikuwa imepauka kama majivu. Kaka alilia njia nzima. Mimi nikaanza kuingoja simu ya msiba.

Juma lilipoisha simu ikaja. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, changamfu, ile ya zamani. Machozi yalinitoka.

"Dada, umeponaje?"

"Nalala vizuri siku hizi, mdogo wangu. Hata mikono imerudi na joto lake."

"Oveni imekubali?"

"Achana na oveni. Nimepata dada wa kazi. Katoka mbali, hana ndugu huku, kwa hiyo analala humu humu."

Upande wa pili nilisikia vyombo vikioshwa, na mtu akikohoa.

"Binti mzuri, mchapakazi," dada akasema. "Ila analalamika baridi."