Fundo la Kitambaa cha Buluu

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Bénie alipangusa vioo vya gari huku baba yake, Papa Osée, akimalizia chai. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi hiyo aliipenda kuliko kuosha masufuria. Waliishi Hewa Bora, mjini Lubumbashi. Baba alibeba abiria kwenda Kipushi, naye Bénie alishukia shuleni, akiwa amekaa kiti cha mbele kama bibi mkubwa.

Gari hilo walilinunua kwa jirani yao, Mama Agnès, baada ya mumewe Ephraïm kufariki. Ephraïm alizikwa kwenye makaburi yaliyo kando ya barabara ileile ya Kipushi.

Mbele ya lango la makaburi palikuwa na shimo, na dereva alilazimika kukata usukani mpaka mwisho ili alikwepe. Jumatatu moja Baba alikata usukani hapo na kukanyaga breki. Pedali ikatetemeka, ikamsukuma mguu. Kisha taa ya manjano yenye herufi ABS ikawaka, na haikuzimika mpaka gari lilipozimwa. Jumanne walitoka nyumbani bila taa. Walipofika langoni, ikawaka tena. Jumatano vilevile, na siku hiyo hakuna abiria aliyecheka.

"Mwenye motokari angali iko ndani," alinong'ona mama mmoja mwenye kapu la samaki wa Pweto, akafanya ishara ya msalaba.

Nywele zilimsisimka Bénie. Alichungulia kiti cha nyuma, kisha akainamisha macho. Alikuwa na siri. Jumamosi iliyotangulia, alipokuwa akikwangua udongo mwekundu nyuma ya gurudumu la mbele kwa chuma, alikuwa amenasa waya mwembamba, na kishikizo chake kikakatika. Kwa hofu alichana kikwembe, kitenge cha zamani cha mama yake, akaufunga waya ule na kunyamaza. Sasa hakujua kama taa ile ilikuwa kazi yake au ya marehemu. Aibu ilimjaa alipogundua kwamba angependa iwe ya marehemu.

Baba alibandika utepe mweusi juu ya taa. "Sasa haitatuangalia," alisema. Lakini pembeni mwa utepe mwanga wa manjano ulipenya, mwembamba kama uzi, na Bénie akauona njia nzima.

Ijumaa mvua kubwa ya kwanza ilinyesha. Saa tisa mchana, Bénie akirudi na Baba kutoka shuleni, mbingu zilikuwa nyeusi. Karibu na lango la makaburi mbuzi alikatiza barabara, na Baba akakanyaga breki. Magurudumu yaligoma kuzunguka. Gari likateleza juu ya tope bila kelele, taratibu, moja kwa moja kuelekea makaburini, likasimama shubiri moja kutoka ukutani.

"Ephraïm," Baba alisema kwa sauti ndogo, "tulikukosea nini?"

Bénie hakuwahi kumsikia baba yake akizungumza na mfu. Alilia.

Walikwenda moja kwa moja kwa Shafi, fundi wa mtaani kwao. Shafi alibandua ule utepe, akasonya. Alichomeka mashine ndogo chini ya usukani, akaisoma.

"Inasema gurudumu ya mbele, kushoto. Ni capteur yake, kile kidude kinasomaka mbio ya gurudumu. Machine inasema wapi. Haiseme juu ya nini, haiseme sababu."

Aliinua gari, akaingiza mkono nyuma ya gurudumu. Alipoutoa, alishika fundo la kitambaa cha buluu, limekauka kwa udongo mwekundu.

"Dawa ya uchawi!" mteja mmoja alipiga kelele, akaruka nyuma.

Baba alilikodolea macho fundo lile. Tangu mazishi, Mama Agnès alivaa buluu tu. "Njo yeye," alisema. "Alituuzisha motokari, na roho ya bwana yake aliifunga ndani!"

Kabla Shafi hajamzuia, Baba alikuwa barabarani na kitambaa mkononi, watu wakimfuata. Walimkuta Mama Agnès akipima makaa ya kuuza mlangoni pake. Alilitazama fundo, akautazama umati. Kijana mmoja aliokota jiwe. Yule mjane aliweka chini kopo lake la kupimia.

Bénie alipita katikati ya watu.

"Papa, ni mie. Mie njo nilifunga ile kitambaa. Nilikata kishikizo ya waya wakati ya kuosha, nikaogopa."

"Unasema nini?"

"Kikwembe ni ya Mama. Kipande ingine iko mu ndoo ya sabuni."

Kililetwa, na mipasuko ikalingana. Jiwe likaanguka chini. Shafi, aliyefika akihema, alieleza kwamba usukani ukikatwa mpaka mwisho, waya ulivutika na kuachia. Hapo mashine ya gari haikusoma tena gurudumu, ikawasha taa ili kumwonya dereva: breki zipo, lakini kwenye utelezi magurudumu yanaweza kugoma.

"Ilikuwa inakuita, Papa Osée," alisema. "Na weye uliifunika macho."

Baba alivua kofia. "Mama Agnès, unisamehe. Mutoto alificha waya, na mie nilificha taa."

Asubuhi iliyofuata, waya mpya ukiwa mahali pake, Mama Agnès alikaa kiti cha mbele na Bénie nyuma. Baba alikuwa akimpeleka kulitembelea kaburi la mumewe. Langoni alikata usukani, akakanyaga breki. Pedali ilitulia. Pale penye taa palibaki peusi.

Mama Agnès hakushuka upesi. Aligeuka, akamshika Bénie mkono.

"Mutoto yangu, kitambaa yako ilikuwa kadogo tu. Kama ulinyamaza jana, bangelinizika nayo. Kosa, uiseme ikingali ndogo."