Lenta ya Duka la Ushirika

Kila asubuhi Tunu alipita mbele ya duka lililokuwa likijengwa, ndoo ya maji kichwani. Duka lilikuwa la wote. Watu wa mtaa ule wa Tabata walichoka kwenda hadi Ubungo kutafuta sukari na mafuta ya taa. Wakakubaliana kwenye mkutano wa tawi kwamba watajenga duka lao la ushirika kwa mikono yao. Wanaume wakafyatua matofali ya saruji. Wanawake wakasomba maji, mchanga na kokoto. Fundi alikuwa Kondo, kaka mkubwa wa Shomari, mume wa Tunu.

Kondo alikuwa mwashi wa siku nyingi, na kuta zake zilinyooka kama uzi. Lakini duka lile lilikuwa na uwazi mpana mbele, wa kuuzia bidhaa. Juu ya uwazi ilihitajika lenta, yaani boriti ya zege ya kubeba ukuta wa juu na paa. Siku ya kumwaga zege, Tunu alikuwa miongoni mwa waliopandisha makarai. Aliona boksi la mbao likijazwa zege, na lilipokaribia kujaa ndipo Kondo akalaza nondo. Mtu mmoja aliuliza kwa nini chuma kinawekwa juu. Kondo akajibu kwamba mzigo unatoka juu, basi chuma nacho kikae juu kiupokee. Neno hilo liliwaingia wote, na Tunu pia.

Mwaka ule Tunu alikuwa mwanafunzi. Alikuwa amejifunza kusoma katika darasa la watu wazima, na alipokwisha kujua hakutaka kuacha. Kituo cha darasa hilo kilipoanzisha somo la kubuni na kuchora nyumba ndogo za matofali na zege, alijiandikisha. Masika iliyopita ukuta wa udongo wa chumba chao ulianguka wakiwa uani. Tangu hapo, wingu likitanda tu, moyo wake ulikwenda mbio.

Mwalimu wao aliitwa Apolonia, mama wa Masasi, mchoraji ramani katika ofisi ya ujenzi. Alasiri moja alikuja darasani na mche wa sabuni ya kufulia. Akauweka juu ya matofali mawili, kama daraja. Kisha akaugandamiza katikati kwa kidole gumba, polepole, akawaambia watazame ufa utaanzia wapi.

Ufa ulianzia chini.

Mwalimu akaeleza kwamba boriti ikibeba mzigo hujipinda kidogo, hata kama macho hayaoni. Upande wa juu hubanwa. Upande wa chini huvutwa.

"Zege likibanwa ni jabali," alisema, "lakini likivutwa ni biskuti. Ndiyo maana tunalitia chuma. Na chuma kinakaa pale panapovutwa."

Akachora ubaoni lenta iliyokatwa kama mkate, ili ndani yake ionekane. Nondo nene akazichora chini, zikiwa zimefunikwa zege la unene wa vidole viwili, zisipate kutu. Nyembamba akaziweka juu, za kushikilia ringi zinazozifunga zote pamoja. Wanafunzi wakanakili. Tunu peke yake hakunakili.

Aliuliza itakuwaje kama nondo zote zimewekwa juu.

"Hiyo ni kumvika kofia mtu anayeumwa mguu," alisema mwalimu. Kisha akamtazama vizuri. "Kuna mahali umeona hivyo?"

Tunu akamweleza habari za duka. Mwalimu hakucheka. Aliuliza kama mirunda, ile miti inayoishikilia lenta kutoka chini, imekwisha kutolewa. Tunu akajibu kwamba itatolewa kesho asubuhi. Lori la sukari lilikuwa linatarajiwa, na mwenyekiti wa tawi, Mfaume, alitaka watu wapange foleni dukani siku hiyohiyo, hata kabla ya paa kuezekwa. Mwalimu akasema atakuja kesho mapema iwezekanavyo, lakini mirunda isiguswe kabla yake.

Njia ya kurudi nyumbani ilikuwa ndefu kuliko siku zote. Tunu aliiona foleni kwa macho ya moyo: wanawake na vikapu, watoto mgongoni, wote wamesimama chini ya lenta ile. Alifika, akamwambia mumewe. Shomari aliacha kula.

"Kaka anajenga tangu sie wadogo," alisema. "Wewe una miezi michache darasani. Utamwanzaje?"

Kondo mwenyewe alikuwa msibani Buguruni na angerudi asubuhi. Chakula kikapoa mbele ya Tunu.

Kulipokucha alichukua kipande cha sabuni jikoni, akatoka bila kuteka maji. Kwa mbali akasikia nyundo ikigonga. Akakaza mwendo, kisha akakimbia. Alipofika, mrunda mmoja ulikuwa umelala chini, na Kondo alikuwa ameshika wa pili. Mfaume na majirani kadhaa walikuwa wamesimama karibu, na Bi Chausiku, mzee kuliko wote, alikuwa amekwisha kukaa na kikapu chake chini ya uwazi ili awe wa kwanza kwenye foleni.

"Shikamoo, shemeji," Tunu alisema, akihema. "Nakuomba usiutoe huo."

Kondo akaitikia marahaba, akauliza kuna nini. Tunu alieleza yale ya darasani. Alijua kila mtu anamsikia. Alipotaja nondo, uso wa Kondo ulibadilika. Aliuliza kama shemeji yake amekuja kumfundisha kazi mbele za watu.

"Sikufundishi," Tunu alisema. "Nimefundishwa, nami jana nimeogopa. Gandamiza hii mwenyewe, halafu uamue."

Akaweka sabuni juu ya matofali mawili. Kondo alisita, kisha akachuchumaa, labda ili jambo lile liishe upesi. Akagandamiza kwa kidole chake kigumu. Sabuni ikafunguka kutoka chini. Akaigeuza, akagandamiza tena. Ikafunguka kutoka chini.

Kisha akasimama, akapeleka macho chini ya lenta, pale katikati, mahali mrunda uliotolewa ulipokuwa umesimama. Akapapasa kwa ncha ya kidole. Palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, ambao awali haukuwapo.

"Mwondoeni Bi Chausiku," alisema kwa sauti ndogo. "Na nyie wote mrudi nyuma."

Yeye hakurudi nyuma. Aliunyanyua mrunda, akausimamisha mahali pake na kuukaza kwa kabari. Shomari, aliyekuwa amemfuata mkewe, akaingia kumsaidia. Tunu aliwaona ndugu wawili chini ya uzito ule, asiwaondolee macho mpaka walipotoka.

Mfaume alilalamika. Sukari ilikuwa njiani, na watu wangesema uongozi umelala. Baadhi ya majirani walinung'unika kwamba ufa ule ni wa rangi tu, ingawa rangi yenyewe ilikuwa haijapakwa. Mwalimu Apolonia alipofika, hakubishana na mtu. Aliomba patasi, akamwomba Kondo achimbe chini ya lenta, sehemu iliyo salama, karibu na ukuta. Kondo akachimba. Palitoka zege tupu. Akazidi kuchimba, hakukuwa na chuma. Manung'uniko yakaisha.

Sukari iligawiwa barazani kwa Mfaume. Lenta ikavunjwa kwa uangalifu, baada ya matofali ya juu yake kuteremshwa moja moja.

Safari hii walichora kwanza. Mwalimu aliwaeleza, na Tunu akachora, Kondo akitazama begani kwake na kuuliza maswali. Lenta iliongezwa urefu ili kila upande ikalie ukuta sawasawa, si kwa kushika ukingo tu. Nondo nene zikawekwa chini, zikainuliwa kwa vipande vidogo vya zege ili zisigusane na mbao. Zege likapimwa kwa debe: saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Kijana mmoja alitaka kuongeza maji ili lichanganyike kwa urahisi. Kondo akamzuia, kwa sababu mwalimu alisema maji mengi huliacha zege na matundu.

Kisha ukaja wakati wa kungoja, na huo ndio uliokuwa mgumu zaidi. Zege halikauki kama nguo, mwalimu aliwaambia. Hukomaa, na kukomaa kwake kunataka maji na subira. Tunu na wenzake waliifunika lenta kwa magunia, wakayamwagia maji asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Mirunda ilikaa wiki mbili zaidi. Kila siku Mfaume alikuja kuuliza. Kila siku Kondo alimjibu kwamba bado. Tunu alikuwa akipita pale hata pasipo na haja, akichungulia chini ya magunia kama anayemtazama mgonjwa.

Siku ilipofika, Kondo alianza na mrunda wa katikati, akaendelea taratibu kuelekea pembeni. Wa mwisho ukalala chini. Kondo akapapasa chini ya lenta, mwanzo hadi mwisho, akarudia. Kisha akamwita Tunu naye apapase. Palikuwa laini, bila ufa.

Ukuta wa juu ukajengwa, paa likaezekwa, duka likafunguliwa. Kondo alianza kuhudhuria darasa, akikaa benchi la mbele. Mtu akimpa kazi na kumharakisha, humwambia asubiri kwanza wachore.

Masika ilikuja kwa nguvu. Siku moja Tunu alikuwa kwenye foleni ya unga mvua ilipoanguka ghafla. Watu wote wakakimbilia ukutani, wakajibana chini ya lenta, wanawake, wazee na watoto, huku maji yakimiminika kutoka kwenye bati. Tunu peke yake alibaki nje, nguo zikimlowa, akihesabu vichwa vilivyokuwa chini ya zege lile. Bi Chausiku akamwita, akasogea kumpa nafasi.

Tunu akaingia, akasimama nao.