Kifua cha Felisita

Mambo yaliharibika Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, kwenye uwanja wa shule ya kata yetu, nje kidogo ya Bariadi.

Asubuhi ile ilianza vizuri. Tulikula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, mimi na wanangu wawili. Felisita yuko kidato cha pili. Dastan, mdogo wake, yuko darasa la sita. Mama yao, Nyamizi, alifariki zamani kidogo. Tangu hapo moto wa jikoni napuliza mwenyewe.

Jirani yangu ni Kasmiri. Moshi wa jiko lake unapanda kabla ya jua, kwa sababu ana mke. Mkewe ni Martha, muuguzi wa hospitali mjini. Pamba ya Kasmiri inafunguka mapema kuliko yangu. Bati lake ni la bluu. Binti yao, Jenifer, ni rika moja na Felisita. Kwa kila kitu Kasmiri alikuwa amenizidi. Mimi nilimzidi kitu kimoja tu. Binti yangu alikuwa anamshinda binti yake mbio.

Siku hiyo yalikuwa mashindano ya kata. Kasmiri alisimama karibu nami, amevaa kofia mpya.

"Mwangaluka, Baba Felisita," akanisalimia. "Leo mtatuachia kidogo?"

"Labda binti yako apande bodaboda," nikamjibu.

Watu wakacheka. Hata yeye alicheka.

Filimbi ikalia. Felisita akatangulia kama kawaida yake. Nilimwangalia Kasmiri pembeni nione uso wake. Nilikuwa namwangalia yeye, siyo mwanangu. Ndiyo maana sikuona ilivyoanza.

"Huyo anashika kifua!" mama mmoja alisema.

Nikageuka. Felisita alikuwa ameweka mkono katikati ya kifua. Alipunguza mwendo. Akayumba. Akaanguka. Jenifer akampita, akamaliza wa kwanza. Upande wa Kasmiri wakapiga vigelegele.

Nilipofika, Felisita alikuwa ameshafumbua macho. Mwalimu Fredrick wa michezo alikuwa amemsimamia.

"Amka, binti. Vichomi tu hivyo. Umekula sana asubuhi."

"Mwalimu, mtoto amezimia," nikasema.

"Mzee, mazoezi hayatoshi. Wiki hizi aongeze mizunguko. Mchujo wa wilaya huo unakuja."

Yeye ana filimbi shingoni. Yeye ndiye aliyewekwa na serikali. Mimi nimeishia darasa la nne. Mwenye madaraka akisema vichomi, mimi niseme nini?

Nyumbani Felisita aliniambia, "Baba, ilikuwa kama mtu amenikalia kifuani. Moyo ukakimbia ovyo. Kisha macho yakawa giza."

"Imeshawahi kukutokea?"

"Mara nyingine nikikimbia sana. Nikipumzika kinaacha. Sikusema, usije ukakasirika."

Sikuwaza ugonjwa. Niliwaza Kasmiri.

Huku kwetu, mavuno yakiisha, ngoma zinashindana. Kuna Wagika na kuna Wagalu. Kila kundi linacheza upande wake wa uwanja. Watazamaji wanakimbilia wanaopendeza, na wenye watu wengi ndio washindi. Kila kundi lina dawa zake. Nyingine za kuvuta watu, nyingine za kuwaangusha wenzao. Ndivyo tunavyoamini. Mchezaji akianguka, hatuulizi alikuwa anaumwa nini. Tunauliza nani amemfanyia.

Mke wangu Nyamizi alikuwa Mgika. Alianguka ngomani, katikati ya wimbo, akiwa bado kijana. Hakuamka tena. Na Kasmiri ni Mgalu.

Kwa hiyo nilimpeleka Felisita kwa Mzee Maige, mganga. Alimchanja chale kifuani kwa wembe. Akapaka unga mweusi.

"Baba, inauma," Felisita alisema.

"Vumilia. Tunakufunga kifua."

"Sasa mwenye wivu atapita mbali," alisema Mzee Maige.

Alisema mwenye wivu. Nilifikiri anamsema Kasmiri.

Kila jioni nilimtoa Felisita barabarani. Yeye anakimbia, mimi niko nyuma na baiskeli.

"Ongeza! Jenifer yuko mbele yako!"

"Hayupo, Baba. Yupo kwao anakula."

"Mwone kichwani! Ongeza!"

Jioni moja tulikuwa tunapanda kilima karibu na geti la Kasmiri. Felisita akasimama ghafla. Akachuchumaa, mkono kifuani. Midomo ilikuwa imepauka. Martha ndiyo kwanza alikuwa anarudi kutoka kazini na sare zake nyeupe. Akatupa mkoba chini.

"Kaa, mwanangu. Usisimame. Kinauma wapi?"

"Hapa katikati, mama."

"Kinauma ukiwa umekaa tu?"

"Hapana. Nikikimbia."

"Na siku ile uwanjani ulianguka baada ya mbio au katikati ya mbio?"

"Katikati."

Martha akashika mkono wake, akasikiliza mapigo. Kisha akaona chale. Nyingine zilikuwa na usaha.

"Baba Felisita, nani amemkata hivi?"

"Yanakuhusu nini?"

"Wembe huu hauufikii moyo. Unaingiza vidudu tu. Huyu mtoto asikimbie tena. Kesho umlete hospitali."

Hapo nikawaka.

"Asikimbie! Ndicho mlichokuwa mnakitafuta! Felisita akae, Jenifer apite. Una mume, una bati, una mshahara. Na hizi mbio mnazitaka?"

Kasmiri alitoka ndani na Jenifer. "Kuna nini hapa?" akauliza.

"Muulize mkeo! Au jiulize mwenyewe ulimfanya nini Nyamizi wangu!"

Martha hakupandisha sauti.

"Baba Felisita, naomba unijibu kitu kimoja. Nyamizi alipoanguka alikuwa anafanya nini?"

"Unajua. Alikuwa anacheza ngoma."

"Alikuwa mgonjwa kabla?"

"Alikuwa anasema kifua kinambana akicheza sana. Tukamwambia ni dawa ya Wagalu."

"Kwao kuna mwingine aliyeanguka hivyo?"

Sikutaka kujibu. Lakini nilijibu. "Kaka yake, Sylvester. Alianguka anacheza mpira, kule Nyashimo. Alikuwa kijana, hata hajaoa. Walisema ni timu pinzani."

"Nyashimo," Martha alisema. "Mume wangu alikuwa Nyashimo?"

"Hapana."

"Kulikuwa na ngoma pale uwanjani?"

"Hapana. Mpira tu."

"Basi sikiliza. Ndugu wawili wa tumbo moja. Wote vijana. Wote walikuwa wanatumia nguvu. Wote walianguka ghafla. Sasa mtoto wa mmoja wao anaanguka vilevile. Shemeji, kuna magonjwa ya moyo yanayotembea ndani ya ukoo. Hayamjui Mgika wala Mgalu."

Nilisikia. Lakini wivu ulikuwa bado umenikaba. Nikasema, "Mchujo ni Jumamosi. Felisita atakimbia."

Martha akamgeukia binti yake.

"Jenifer, wewe Jumamosi hukimbii."

"Mama! Kwa nini mimi? Nimefanya mazoezi mwaka mzima!"

"Hukanyagi uwanja mpaka Felisita apimwe. Mwaka ujao utakuwa na miguu hiyohiyo." Kisha akaniangalia. "Haya, Baba Felisita. Njia nimekuachia. Hakuna tena wa kumshinda. Sasa unamkimbiza mwanao na nani?"

Jenifer akaanza kulia. Nitasema kweli. Nilifurahi. Nilimwona mtoto wa Kasmiri analia, moyo wangu ukapoa kama nimekunywa maji. Kisha nikamtazama wa kwangu. Amekaa kwenye vumbi, anahema, anamwangalia Jenifer kwa huruma.

"Baba," akasema, "mimi naogopa kukimbia. Naogopa nitafanya kama mama."

Furaha yangu ikaisha palepale.

Kesho yake tulikwenda hospitali. Kasmiri alitupeleka kwa pikipiki yake, polepole, wala hakusema neno juu ya jana.

Walisafisha chale kwanza. Halafu walimlaza Felisita wakambandika nyaya ndogo kifuani, mikononi na miguuni. Kile ni kipimo cha umeme wa moyo. Hakiumi. Karatasi ilipotoka, daktari aliitazama kwa muda mrefu. Jina lake Elizabeth, bado msichana.

"Tutakupa rufaa ya Mwanza," alisema. "Kule watauona moyo wenyewe kwenye picha. Kabla ya hapo asikimbie, asibebe mizigo mizito, asicheze mpira."

Mwanza walipaka mafuta kifuani na kupitisha kifaa juu yake. Niliuona moyo wa mwanangu kwenye kioo. Ulikuwa unafunguka na kujifunga.

Ukuta wa moyo ulikuwa mnene kupita kawaida. Ni ugonjwa wa kuzaliwa nao, tukaambiwa, na mara nyingi mzazi ndiye anayeupitisha kwa mtoto. Mtu anaweza kuonekana mzima kabisa. Akikimbia sana, moyo unaweza kupoteza mapigo yake.

Tuliporudi Bariadi nilimuuliza Daktari Elizabeth, "Kwa hiyo kila mtoto anayeumwa kifua ana moyo mbaya?"

"Hapana, baba. Wengi wao siyo moyo. Ni misuli imevutika, au pumu, au kikohozi, au kiungulia. Hatutaki watu waogope michezo. Michezo ni mizuri."

"Sasa nitajuaje?"

"Maumivu yakija wakati anakimbia, aache palepale, hata kama anaongoza. Usimwambie avumilie. Mlete apimwe. Akizimia wakati wa mbio, au moyo ukienda ovyo, au kwenu kuna mtu aliyekufa ghafla akiwa kijana, hapo usingoje hata wiki. Na mdogo wake pia mlete. Ndugu wa damu wote wapimwe."

Dastan alipimwa. Kwa sasa yuko salama. Lakini atarudi kupimwa kadiri anavyokua, kwa sababu ugonjwa huu unaweza kujitokeza baadaye.

Felisita sasa anameza vidonge vyake kila siku. Anatembea kwenda shule. Anachuma pamba na wenzake taratibu. Kuzimia hakujarudi. Mbio za mashindano zimekwisha kwake, daktari amekataza. Alilia siku nyingi. Sasa Jenifer akifanya mazoezi, Felisita anakaa kwenye jiwe na saa mkononi, anamfokea.

"Unakimbia kama kuku aliyeshiba! Ongeza!"

"Njoo uongeze wewe!"

"Mimi ni kocha. Kocha hakimbii."

Wanacheka. Mimi nikiwa hapo nacheka nao, lakini siwezi kusema wivu umekwisha. Jenifer akikata kona ya mwisho, bado naona pale palikuwa pa mwanangu. Moshi wa kwao bado unapanda mapema. Tofauti ni kwamba sasa, asubuhi nyingine, Martha anamtuma Jenifer na kaa la moto kwenye kigae, aniwashie na mimi.

Mavuno yalipoisha, Martha aliomba kuzungumza kwenye mkutano wa wazazi. Aliweka chini furushi la pamba lililofungwa kwenye shuka.

"Hiki ndicho kifua," alisema. "Mtoto ameanguka uwanjani. Unamwita, haitiki. Hapumui, au anahema kwa shida kama samaki nchi kavu. Usimmwagie maji. Usimnyweshe kitu. Mmoja apige simu na kutafuta usafiri. Mwingine apige magoti hapa. Weka mikono miwili katikati ya kifua, nyoosha viwiko, bonyeza kwa nguvu na haraka. Halafu ondoa uzito, kifua kirudi juu. Mnaona pamba inavyorudi? Ndivyo hivyo. Bonyeza tena, usiache mpaka apumue au msaada ufike. Ukichoka, mpishe mwenzako."

Tulipanga foleni. Wagika na Wagalu tukabonyeza furushi moja. Mwalimu Fredrick naye alipiga magoti. Jasho lilimtoka.

"Vichomi hivyo, mwalimu," nikamwambia.

"Nimekosea, mzee," alijibu. "Na mimi hakuna aliyewahi kunifundisha."

Nilitaka kumkasirikia. Nikaona hapa kuna wa juu yake. Afisa mmoja wa elimu wa wilaya alikuwa amekaa mbele kwenye kiti cha plastiki. Nikasimama.

"Mheshimiwa, kabla ya mashindano mnawaandika watoto umri. Mnawapa namba za mgongoni. Mnawaletea jezi. Nani anawauliza kama kifua kinauma wakikimbia? Nani anauliza kama kwao kuna kijana aliyeanguka ghafla?"

"Hoja nzuri," alisema. "Tutaifanyia kazi."

Akaangalia simu yake. Hoja nyingine ikaitwa.

Juzi nilikwenda tena uwanjani. Jenifer alikuwa kwenye mstari. Martha alishamuuliza nyumbani maswali yote, na jibu lilikuwa hapana. Felisita alikuwa pembeni na saa yake. Lakini mstari ulikuwa na watoto wengi kutoka vijiji nisivyovijua. Mmoja, mwembamba, alikuwa anajisugua kifua kwa kiganja, anangoja filimbi kama wenzake.

Nilikwenda kwa mwenye filimbi. Nikamwonyesha yule mtoto. Nikamuuliza kwa heshima zote, na sasa nawauliza wote mliowekwa kwenye viti: huyu naye, nani amemuuliza?