Chungu cha Mwaka wa Nzige

Hilda Ndunguru, mhifadhi, alifungua mlango wa makumbusho saa moja kasorobo asubuhi, akavuta pumzi moja tu, akarudi nje mbio na kutapika kwenye maua aliyoyapanda kwa mikono yake.

Inspekta Polikarp Haule alipofika mtaa wa Msamala, alikuta watu wamelizunguka lile ghala la zamani la tumbaku lililogeuzwa makumbusho, kila mmoja amejiziba pua kwa kanga, kwa shati au kwa kiganja. Hakuna aliyesogea mlangoni. Haule naye hakutamani kusogea. Kituoni kwao ilijulikana kwamba maiti angeitazama na damu angeikanyaga, ila uchafu wa tumbo ulimshinda. Akafunga leso puani, akaingia.

Ukumbi mzima ulikuwa umepakwa kinyesi. Kilikuwa kwenye kuta, kwenye picha za wazee, kwenye mbao za maelezo. Katikati, juu ya jukwaa dogo ambapo jana yake kilikaa chungu kikubwa cha udongo, palibaki rundo la vigae vilivyolowa uchafu.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumamosi yalikuwa yafunguliwe maonyesho yaliyoitwa "Ukarimu wa Miaka ya Shida." Yalihusu ile miaka ya thelathini, bei za mazao zilipoporomoka dunia nzima, vijana wa Songea wakarudi mikono mitupu kutoka mashamba ya mkonge ya Tanga, na nzige wakamaliza kilichobaki shambani. Ubao mkubwa ulieleza kwamba wakati huo mtu mmoja alipika uji kwenye chungu hiki na kulisha kila aliyepita na njaa yake. Jina lake liliandikwa Mzee Gervas Mbawala. Mjukuu wake, Hironimus Mbawala, ndiye aliyekitoa chungu, na ndiye mwenyekiti wa kamati ya makumbusho.

Hironimus alikuwa amesimama kizingitini, suti imenyooka, kofia mkononi.

"Shikamoo mzee," Haule alisema.

"Marahaba. Inspekta, hakuna la kupeleleza hapa. Ni yule mama wa Tunduru. Jana alisimama pale pale, mbele ya kamati nzima, akasema heri chungu kivunjwe. Kaingilia dirisha la nyuma, tazama." Akashusha sauti. "Nina vijana na toroli hapo nje. Wazoe takataka hizi zote wakazitupe, tupige deki, mambo yaishe. Vigae vyenyewe havifai kitu tena."

Haule alikaribia kusema sawa. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni, kwa maana tumbo lilikuwa limeshafika kooni. Akaenda dirishani kwanza, kwa ajili ya hewa tu.

Kioo kilikuwa kimevunjwa na vipande vimetapakaa sakafuni. Akachuchumaa. Kila kipande kilikuwa kimelala juu ya kinyesi. Akainua kimoja kwa ncha ya kalamu, akainua cha pili, cha tatu. Upande wa juu vilimeta, visafi kabisa. Chini ya uchafu hapakuwa na kioo hata kimoja.

Pale alipochuchumaa, pua karibu na sakafu, aligundua la pili. Ile haikuwa harufu ya choo cha watu. Haule alikulia nyumba yenye banda la nguruwe, na harufu ile aliijua. Ndani ya kinyesi mlikuwa na maganda madogo meusi ya alizeti.

Akatoka nje.

"Hakitatupwa kitu," alisema, akafunga mlango kwa kufuli lake mwenyewe.

*

Huko mjini watu hawakumsubiri. Walimkuta Bi Zuhra, yule mama wa Tunduru, kwenye nyumba ya wageni mtaa wa Mfaranyaki, wakamleta kituoni kwa miguu, wakimzomea njia nzima. Alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, mwembamba. Begani baibui lake lilikuwa na mate ya watu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nipatie maji ninawe kwanza, ndiyo niseme."

Haule akamletea jagi, akageuka pembeni mpaka amalize.

"Jana ulisema nini pale ghalani?"

"Nilisema chungu kile ni cha bibi yangu, Saada binti Majaliwa. Alikuwa mfinyanzi. Alikaa hapa Songea na mume wake, mume akafia safarini, yeye akabaki na vyungu vyake na mahindi yake. Mwaka wa nzige ndiye aliyepika uji. Mama yangu alikuwa mtoto, alichochea moto. Nikawaambia, kipindueni! Bibi aliandika jina lake chini ya kila chungu, kwa kidole, kwa herufi za Kiarabu, udongo ukiwa bado mbichi."

"Wakakipindua?"

"Mwenyekiti alikataa. Alisema ni kizito, kitapasuka. Yule binti, Hilda, akasema atakipindua leo asubuhi polepole, kwa mito. Mwenyekiti akanicheka. Ndipo nikasema, kama mtamsifia mtu mwingine kwa chungu cha bibi yangu, heri kivunjwe. Nilisema. Siwezi kukana."

"Alfajiri ulikuwa wapi?"

"Chumbani. Nimeswali, nimelala."

"Nani alikuona?"

"Mwenyezi Mungu."

Haule akainama mezani. "Mama, kilichopakwa pale si kinyesi cha mtu. Ni cha nguruwe."

Bi Zuhra alimtazama kama hakusikia. Kisha midomo yake ikapauka, mikono ikarudi nyuma kutoka mezani. "Kwenye chungu cha bibi? Audhubillahi!" Haule aliwahi kuona watu wengi wakijifanya kushangaa. Hakuwahi kuona mtu akajifanya kupauka midomo.

Hilda aliingia baada yake, macho mekundu.

"Shikamoo afande."

"Marahaba. Funguo za ukumbi ziko kwa nani?"

"Kwangu na kwa mwenyekiti. Mlinzi analinda nje, hana ufunguo, na usiku husinzia. Anasema alfajiri alisikia kioo kikilia, akakimbilia nyuma, hakuona mtu."

"Alikimbilia nyuma, mlango wa mbele ukabaki peke yake," Haule alisema. "Mvunjaji alikuwa ndani tayari. Kioo alikivunja mwisho, baada ya kupaka, akikivutia ndani. Aliingia kwa ufunguo, Hilda."

"Sasa unaniambia ni mimi?"

"Nakuuliza. Uligombana na mwenyekiti."

"Niligombana naye! Nilimwambia siwezi kuandika ubao kwa maneno ya mtu mmoja tu. Akasema nikiendelea atanitoa kazini. Lakini afande, mimi nilitaka kukipindua chungu, nikivunje cha nini? Mwenyewe mwenyekiti alijua. Jana jioni alinipigia simu kuuliza leo nitafungua saa ngapi."

Haule akauliza tu, "Mna makarai pale makumbusho?"

*

Vigae vilioshewa nyuma ya kituo, kwa mpira wa maji na sabuni ya mche. Makonstebo walikaa mbali, upande ambao upepo hautawafikishia harufu, wakicheka kimyakimya. Haule alivaa glavu. Zilipochanika akaendelea bila glavu. Uchafu uliingia chini ya kucha. Alienda pembeni kutapika, akarudi. Akaenda tena, akarudi. Hilda akapiga magoti karibu naye bila kuambiwa, akaanza kupanga vigae juu ya gunia, kigae kwa kigae.

Adhuhuri ilipopita, chungu kilianza kuonekana. Mdomo wake mpana ulikuwepo, na shingo yenye nakshi za kucha, na tumbo lote. Chini kabisa pakabaki tundu la duara.

"Kitako hakipo," Hilda alisema.

"Labda kimesagika."

"Afande, kitako ndicho kinene kuliko sehemu zote. Hata chungu kiangukie mwamba, kitako hubaki."

Wakatazamana. Haule akahisi kinyaa kipya, kisicho cha pua wala cha tumbo. Aliyetaka kutukana angepaka tu akaenda zake. Aliyetaka kuharibu angevunja tu. Huyu alivunja, akachukua kipande kimoja, kisha akavipaka vilivyobaki ili asiwepo mtu wa kuvishika na kugundua pengo. Alitegemea kwamba watu wataziba pua na kusema zoeni mkatupe. Na Haule mwenyewe nusura aseme.

"Songea hii," alisema polepole, "nani analisha nguruwe mashudu ya alizeti?"

"Mwenyekiti ana mashine ya kukamua mafuta. Kamati nzima tunanunua kwake. Nguruwe wake wako nyuma ya nyumba."

*

Saa kumi na moja jioni walifika nyumbani kwa Hironimus, huko huko Mfaranyaki: Haule, makonstebo wawili, Hilda, na Bi Zuhra aliyesisitiza kuja. Hironimus aliwapokea uani kwa bashasha. Binti yake Careen, mwalimu aliyekuja likizo, alikuwa akileta viti.

"Karibuni, karibuni. Mmemleta na mama mwenyewe aombe radhi? Mimi sina kinyongo."

"Mzee, tunaomba kuangalia banda la nguruwe," Haule alisema.

Tabasamu lilibaki usoni, lakini kofia ikamponyoka mkononi. "Banda? Lina uchafu, Inspekta. Usijitese."

"Leo nimeshauzoea."

Shimo la samadi lilikuwa nyuma ya banda. Upande mmoja ulikuwa umekauka, umeota ganda. Upande wa pili ulikuwa umechimbuliwa karibuni. Haule alikunja mikono ya shati, akachukua jembe, akaanza pale palipokuwa laini. Jembe liligonga kitu. Akaliweka kando, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa sahani nene ya udongo uliochomwa, ikichuruzika.

Careen alikuwa wa kwanza kusema. "Baba, hicho ni nini?"

Hironimus aligeukia upande wa nyumba.

Bi Zuhra hakukisogelea. "Kisafishwe mara saba," alisema, sauti ikiyumba, "na mara moja iwe kwa udongo. Ndipo nitakishika." Careen akaweka kiti chini, akafungua bomba, akakisafisha mwenyewe. Alianza kwa udongo, akausuuza, akaosha tena na tena, akihesabu kwa sauti ya chini, baba yake akimwangalia. Alipomaliza akampa Bi Zuhra kwa mikono miwili.

Herufi zilikuwa pana, zimechorwa kwa kidole kidogo cha mwanamke. Bi Zuhra alizipitia kwa kidole chake.

"Saada," alisoma. "Binti Majaliwa."

Nguruwe wakaanza kupiga kelele, saa yao ya kula ilikuwa imefika.

"Ulijua tangu lini?" Haule aliuliza.

Hironimus aliketi. Hakuonekana mwenye majuto. Alionekana mtu aliyechoshwa na wasioelewa. "Mikwaruzo ile niliiona tangu utotoni. Nilidhani ni nakshi. Jana mama huyu alipotaja herufi, ndipo nikajua ni maandishi."

"Sikuulizi habari za herufi. Kwamba chungu si cha babu yako, ulijua lini?"

"Baba alinisimulia. Alisimulia huku akicheka." Akaangalia pembeni. "Babu alikuwa tarishi wa kodi. Yule mwanamke aligawa mahindi yote, kodi ya kichwa ilipofika hakuwa na kitu. Babu akachukua chungu, ndiyo sheria ya wakati ule. Akachukua na kiwanja."

"Kiwanja gani?" Careen aliuliza.

Baba yake alitazama nyumba, ukuta wake, na mwembe mdogo alioupanda mwaka jana. Walikuwa wamesimama juu yake.

"Ukaandika ubao kwamba babu yako ndiye aliyelisha watu," Haule alisema.

"Watu walianza kusema wenyewe! Waliona chungu kwetu, wakasema. Mimi niliacha tu. Inspekta, ukumbi ule ulikuwa uitwe jina lake. Watoto wangu, wajukuu zangu, wangetembea mji huu vichwa juu. Huyo Saada amekufa, amesahaulika. Nani angeumia?"

"Huyu hapa ametemewa mate barabarani."

"Hilo sikulifanya mimi."

"Na kinyesi?"

"Nilijua hamtagusa," Hironimus alisema, na kwa mara ya kwanza akamtazama Haule usoni. "Wewe mwenyewe nilikuona pale mlangoni. Ulikuwa unanishukuru kwa lile toroli." Kisha akainama mbele, akawa mpole, kama mtu anayeshusha bei sokoni. "Tuyamalize kiungwana. Tuandike majina yote mawili. Saada na Gervas, wakarimu wa Songea. Kila upande unapata chake."

Haule alijitazama mikono, iliyokuwa bado inanuka hadi kiwikoni. Akaona afadhali harufu hiyo kuliko maneno yale.

"Mfungeni pingu," alisema.

*

Maonyesho yalifunguliwa wiki mbili baadaye. Chungu kilikuwa kimeunganishwa kwa gundi, nyufa zake zikionekana, na kilikaa kichwa chini ili kila mtu asome kitako. Kamati ilikuwa imependekeza ubao useme tu kwamba chungu "kilipotea mikononi mwa mwenyewe," jina la marehemu Gervas lisichafuliwe. Hilda aliandika mambo yote, la tarishi na la kiwanja, akaupigilia ubao kwa misumari mirefu.

Haule alisimama pembeni akitazama watu. Wengine aliwatambua, walikuwa kwenye lile kundi la kuzomea. Sasa walipanga foleni kumshika mkono Bi Zuhra, simu zimeinuliwa, wakimwita mama yetu. Mmoja alileta kiroba cha unga na kukisogeza mbele ya kamera. Haule akatoa leso, akajiziba pua, ingawa ukumbi ulinukia dawa ya sakafu tu.

Careen alikuja peke yake. Alisoma ubao wote, akaurudia, kisha akasogea kwa Bi Zuhra.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Alizikwa wapi? Ningependa kwenda."

"Hana kaburi," Bi Zuhra alisema. "Walipomnyang'anya kiwanja alimbeba mama yangu mgongoni, akashika njia ya Tunduru kwa miguu. Hakufika. Mama aliokotwa na wachuuzi kando ya njia, akiwa bado amelala juu yake."

Careen akamsogelea zaidi. "Njia nzima ile hapakuwa na mtu wa kumpa chochote?"

"Watu walikuwepo," Bi Zuhra alisema. "Mama alikuwa akituhadithia. Walitoka milangoni wakamtazama akipita. Wengi wao aliwajua kwa sura, maana alikuwa amewapakulia."